Bingwa Asiyepokewa

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Wasomaji wapenzi wa jarida letu, na hasa akina mama, ambao najua ndio hulisoma hadi ukurasa wa mwisho kabla halijafungiwa vitumbua, juma hili naomba ruhusa niandike juu ya mabondia. Msishangae. Mimi si mtu wa ndondi, na nitakayoyasema huko mbele kuhusu hukumu ya mchezo huo hayatawafurahisha vijana wanaoupenda. Lakini hapa Garissa, ninakosomesha kwa miaka mingi sasa tangu nilipohama Pwani, vijana hukaa nje ya msikiti baada ya Isha joto linapopungua, na usiku mmoja ubishi wao ulikuwa huu: kwa nini bingwa mmoja apendwe na dunia nzima, na mwingine, mwenye mkanda uleule na ngumi zilezile, magazeti yamchukie na watu wamzomee? Mmoja alisema ni rangi. Wa pili akasema ni dini. Wa tatu akasema ni mdomo tu, na wote wakacheka. Mimi sikuchangia neno, ila swali lilinifuata nyumbani, nikaanza kusoma habari za watu hao.

Aliyenikaa moyoni kuliko wote ni Sonny Liston. Alizaliwa Arkansas, huko Marekani, katika familia ya wakulima maskini, mmoja wa watoto zaidi ya ishirini wa baba mmoja, na baba huyo alikuwa mkali wa fimbo. Hakujua kusoma wala kuandika. Alifungwa kwa unyang'anyi, na mlemle gerezani ndimo alimojifunza ndondi. Tarehe 25 Septemba 1962, mjini Chicago, alimwangusha Floyd Patterson katika raundi ya kwanza akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kesho yake akapanda ndege kurudi Philadelphia, mji aliokuwa akiishi. Inasimuliwa kwamba njiani alikuwa akimweleza mwandishi mmoja maneno atakayowaambia watu watakaokuja kumlaki: kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba atakuwa bingwa mwema wa watu wote. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, hapakuwa na umati. Palikuwa na waandishi wachache na wafanyakazi wa uwanja wakiendelea na kazi zao.

Magazeti yalikuwa na sababu zao, sikatai. Liston alikuwa na majambazi waliomshika mkono, alikuwa na kesi za polisi, na uso wake haukuzoea tabasamu. Lakini angalieni ni nini kilichokataliwa siku ile. Hakikukataliwa kitendo. Mtu alikuja na toba mdomoni, au angalau na nia ya kuanza upya, akakuta mlango umefungwa kabla hajausema. Sisi tuliofundishwa kwamba mlango wa toba hubaki wazi hadi jua lichomoze kutoka magharibi tunapaswa kulihisi jambo hilo zaidi ya wengine.

Kabla yake alikuwapo Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, mwaka 1908 mjini Sydney. Tarehe 4 Julai 1910 alimpiga Jim Jeffries, aliyetolewa katika mapumziko yake ili alirudishe taji kwa watu weupe, na habari zilipofika mijini pakazuka ghasia na watu weusi wakauawa kwa sababu ya ngumi zilizopigwa jimbo jingine kabisa. Mwaka 1913 alihukumiwa kwa sheria iliyogeuzwa mtego kwa ajili ya wanawake aliofuatana nao, na msamaha wa serikali ulimfikia mwaka 2018, akiwa kaburini kwa miaka zaidi ya sabini. Johnson hakuwa walii, na maisha yake si mfano wa kuwapa vijana wetu. Hata hivyo hakuchukiwa kwa madhambi yake, maana madhambi kama yale wengine waliyafanya wakaitwa wachangamfu.

Sasa nije kwa yule mnayemngoja. Usiku wa tarehe 25 Februari 1964, kijana wa miaka 22 alimshinda huyohuyo Liston mjini Miami, na asubuhi yake akatangaza kuwa yeye ni Mwislamu. Siku chache baadaye akapewa jina la Muhammad Ali. (Waliomsilimisha walikuwa na itikadi isiyo ya Ahlus Sunna, nasi hatuwezi kulificha hilo, yeye mwenyewe aliingia katika njia iliyonyooka mwaka 1975, Alhamdulillah.) Magazeti makubwa ya Marekani yakakataa jina lake. Kwa miaka kadhaa yaliendelea kumwandika Cassius Clay, jina alilokwisha kulivua. Waandishi waliokuwa tayari kuliandika jina la kujitungia la mwimbaji yeyote au mcheza sinema yeyote waliona uzito kuliandika jina la Mtume.

Hapo ndipo nilipoona ufunguo wa swali la vijana wangu. Bondia anayekubali kuitwa wanavyotaka wengine, akashukuru, akainamisha kichwa, huyo husamehewa mengi. Anayesema "jina langu nalijua mimi" huchukiwa hata kabla hajakosea. Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwenda kupigana Vietnam. Siku hiyohiyo walianza kumnyang'anya leseni na taji. Mwezi wa Juni alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, na ingawa alibaki nje kwa dhamana, alikaa miaka mitatu na nusu bila kupigana, miaka ambayo kwa mwanamichezo ndiyo maisha yenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile tarehe 28 Juni 1971.

Wazee wa Garissa wanampenda Ali kwa namna ambayo mgeni hawezi kuielewa upesi. Mwaka ule wa 1967, yeye alipokuwa akiitwa msaliti, eneo hili lote lilikuwa chini ya amri ya hali ya hatari. Mwezi wa Oktoba serikali za Kenya na Somalia zilitia saini makubaliano mjini Arusha, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaanza kufika mwisho wake. Shifta maana yake ni mnyang'anyi. Neno hilo walipachikwa wote: aliyebeba bunduki, aliyechunga ngamia na mama aliyeteka maji kisimani. Vita vilikwisha, neno likabaki. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa wachunguzwe upya na wabebe kadi ya ziada juu ya kitambulisho, kana kwamba jina la baba halitoshi. Mzee mmoja aliyeyapitia yote hayo aliniambia hajawahi kuliona pambano la Ali hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. "Mimi," alisema, "nampendea jina."

Lakini mizani ni mizani, wala haiegemezwi upande wa tunayempenda. Februari 1967 Ali alipigana na Ernie Terrell, aliyekuwa amemwita Clay. Kwa raundi 15 alimpiga huku akimuuliza kwa sauti: jina langu nani? Jina lilikuwa haki yake. Kumrefushia mtu mateso, mtu uliyekwisha kumshinda, si haki ya yeyote. Na hapo waandishi waliokuwa wakimchukia bila sababu wakapata sababu, wakazichanganya mbili zile zisitenganike tena.

La Joe Frazier ni zito zaidi. Frazier alimsaidia Ali siku za dhiki, alipokuwa amefungiwa kupigana. Alimpa fedha na kumsemea arudishiwe leseni. Walipokuja kuwa wapinzani, Ali alimwita mjinga, akamwita kibaraka wa wazungu, na kabla ya pambano la Manila la Oktoba 1975 akamwita sokwe, akitembea na mwanasesere wa sokwe mbele ya kamera. Watu walicheka dunia nzima. Watoto wa Frazier walitaniwa shuleni. Ali aliomba radhi hadharani mwaka 2001, na Frazier alikuwa amekaa na jeraha lile kwa robo karne.

Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na ikawataja wanaume kivyao na wanawake kivyao ili pasiwe na atakayejitoa. Nasema haya nikiwa Garissa, mji ambao sidhani kama kuna mtu asiye na lakabu. Aliye mrefu ni Dheere, atumiaye mkono wa kushoto ni Gurey, na zipo nyingine ambazo gazeti la familia haliwezi kuzichapa. Nyingi ni za mapenzi na wenyewe huzijibu wakicheka. Ila nimeona mtu mzima akiitwa kwa kilema chake mbele ya wakwe zake, nikaona jinsi alivyotazama chini.

Na tunao mfano ulio bora kuliko wa hao wote. Rukana alikuwa mpiga mieleka mwenye nguvu nyingi katika Makka, na imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana naye mieleka akambwaga. Katika baadhi ya riwaya Rukana alikuwa ameweka dau la kondoo wake, na Mtume akamrudishia. Hakumcheka. Hakumpa jina. Na ni yeye aliyetufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu, ila ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira.

Wako pia waliochukiwa kwa kosa la ajabu zaidi, la kumshinda mtu anayependwa. Larry Holmes alimpiga Ali mzee na mgonjwa mwaka 1980, akalia baada ya pambano, na bado watu hawakumsamehe. Na yuko Naseem Hamed, kijana wa Sheffield mwenye asili ya Yemen, aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu katika kila ushindi na papo hapo akawadharau wapinzani wake kwa maringo. Kuna usiku aliingia ulingoni juu ya zulia lililoning'inizwa kama la hadithi za alfu lela. Aliposhindwa na Marco Antonio Barrera mwaka 2001 wengi walishangilia. Waislamu wa Uingereza waliumia, wakasema ni chuki ya dini. Chuki ya dini ilikuwapo, sina shaka. Lakini maringo nayo yalikuwapo, na mtu akichanganya haki na majivuno katika chombo kimoja asishangae watu wakimwaga vyote.

Jambo moja la Afrika Mashariki lilinifurahisha katika kusoma kwangu. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali kuja kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam watu walimpokea kwa furaha, lakini Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na watu wakamuuliza maswali magumu: mwaka 1976 Waafrika waliposusia Montreal kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali mwenyewe akababaika. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda ikarudi na medali mbili za fedha. Ninachokisifu ni kwamba watu wale walimpenda mtu na wakaukataa ujumbe wake, siku moja, bila kuchanganya.

Nasi hapa hulishindwa hilo mara nyingi, hasa mtu anapokuwa binti yetu.

Wengi wenu mmelisikia jina la Ramla Ali. Alizaliwa Mogadishu. Kaka yake aliuawa kwa kombora katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mama yake akakimbia na watoto kwa mashua iliyojaa kupita kiasi hadi pwani yetu ya Kenya, kisha wakahamia London. Huko alianza ndondi, na kwa miaka mingi aliwaficha wazazi wake. Mwaka 2016 alishinda ubingwa wa taifa wa Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza Mwislamu kufanya hivyo, na nyumbani wakamtaka aache. Baadaye aliibeba bendera ya Somalia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na tarehe 20 Agosti 2022, mjini Jeddah, alipigana katika pambano la kwanza la wanawake wa kulipwa katika ardhi ya Saudia, akamaliza kazi raundi ya kwanza. Magazeti ya Ulaya humsifu. Aliyoyakuta kutoka kwa baadhi ya watu wake mwenyewe ni mambo mengine.

Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, alinijia mama mmoja, mjane, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa amemwona Ramla kwenye simu, akajaza mchanga katika gunia, akalitundika kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, na kila alfajiri akawa analipiga. Jirani aliona. Siku ya tatu kukazunguka ujumbe wa sauti katika kundi la wanawake wa mtaa kwamba binti wa fulani amevua hijabu na anajifunza kupigana na wanaume. Ami yake, aliyekuwa akimlipia karo tangu baba alipofariki, akatangaza kwamba hatatoa senti.

"Maalim," alisema yule mama, naye hakukaa, "nimekuja na maswali mawili. La kwanza, ngumi ni haramu? La pili, hao waliomsema mwanangu wamefanya halali?"

Swali la kwanza nililijibu kwa muda mfupi. Mtume amekataza kupiga uso, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na ndondi lengo lake kubwa ni uso na kichwa. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi mjini Makka mwaka 1987, lilitamka kuwa mchezo huo haufai katika Uislamu, kwa kuwa unamhalalishia mtu kumdhuru mwenziwe hadi upofu, ugonjwa wa ubongo, hata kifo. Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Hukumu hiyo haimbagui mwanamume na mwanamke, na kwa mwanamke kunaongezeka suala la sitara mbele ya wasio maharimu. Nilimwambia hivyo bila kuipunguza.

"Na gunia?" akauliza.

"Gunia halina uso, dada yangu. Na ua wa nyumbani kwako ni sitara. Mwache afanye mazoezi."

Swali la pili lilichukua muda hadi adhana ya Magharibi. Kumsema mtu kwa alilo nalo ni ghiba, kumsema kwa asilo nalo ni buhtani, na ule ujumbe wa sauti ulikuwa na yote mawili. Binti hakuvua hijabu. Hakupigana na mwanamume yeyote, wala na mwanamke. Waliousambaza walikuwa wanawake wa dini, wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, na kila mmoja aliamini anakataza maovu. Nilizungumza nao baada ya darsa la juma lile. Wawili walikwenda kwa yule mama wakamwomba radhi. Mmoja aliniambia wazi kwamba hatakwenda, kwa sababu msichana mwenyewe "ana macho ya kiburi". Nilimuuliza macho ya kiburi yana rangi gani. Hakunijibu, na hadi leo hanipi salamu kwa furaha.

Kwa ami nilikwenda mwenyewe dukani kwake. Ukutani, juu ya kalenda, ametundika ile picha mashuhuri ya mwaka 1965, Muhammad Ali amesimama juu ya Liston aliyelala chali. Nikamwambia, huyu uliyemtundika alipiga nyuso za watu kwa miaka ishirini, na mtoto wa ndugu yako amepiga gunia.

"Yeye ni mwanamume," akasema.

"Uso uliokatazwa kupigwa haukuambiwa wa nani na nani."

Alininyamazia, akaagiza chai ya maziwa, tukazungumzia ukame na bei ya mbuzi. Nilipoinuka kuondoka aliniuliza kama ni kweli kwamba yule msichana ndiye wa pili katika darasa lake. Nikamwambia ni kweli, nimeiona ripoti.

Karo ililipwa wiki ya pili ya muhula. Ami bado hajasema na binti uso kwa uso. Fedha huzituma kwa simu, na jina la mpokeaji analoandika ni la mama. Gunia lingali liko kwenye mwarobaini. Mchanga huvuja upande mmoja, na mara ya mwisho nilipopita mama mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mti na sindano ya kushonea magunia, akiliziba.

Wassalaam alaykum warahmatullah.